Matt Talbot: Mlevi Aliyerudi Nyumbani Mapema



Leo naanza na kuungama kidogo. Mwaka wangu wa kwanza seminarini, mwenzangu mmoja aliniuliza kwetu tuko watoto wangapi. Nikamjibu kwamba tuko watatu, mimi na dada zangu wawili. Nilidanganya. Nina kaka pia, mkubwa wangu, na kaka anakunywa gongo. Likizo ile alikuwa ameuza madebe mawili ya mahindi ya mama. Niliona aibu, nikamfuta kwenye familia kwa sentensi moja tu. Kwa hiyo nilipokuja kusoma maisha ya Matt Talbot, nilijiona nasoma habari za nyumbani kwetu.

Matt alizaliwa Dublin, nchini Ireland, tarehe 2 Mei 1856, mtoto wa pili kati ya 12 wa mzee Charles na mama Elizabeth Talbot. Walikuwa maskini. Baba alikuwa mnywaji, na watoto wa kiume karibu wote walifuata njia hiyohiyo, isipokuwa John, kaka yao mkubwa. Akiwa na miaka kama 12 Matt aliacha shule, akapata kazi kwa wauza pombe. Akaanza kuonja mabaki, na haikuchukua muda akawa anarudi nyumbani amelewa. Baba yake akamwadhibu, kisha akamhamishia bandarini alikofanya kazi yeye mwenyewe, ili amwangalie. Sasa huko nako kulikuwa na maghala ya wiski!

Basi alikunywa kwa miaka kama 16. Mshahara wote uliishia kwenye kilabu. Hela zikiisha, alikopa, na safari nyingine aliweka rehani hata viatu vyake. Siku moja yeye na wenzake walimwibia fidla mtu aliyekuwa akipiga muziki mitaani apate riziki, wakaiuza wapate kunywa.

Kumbuka, muda wote huo mama Elizabeth alikuwa nyumbani, anafanya vibarua vya usafi na kulisha watoto. Alikuwa na mume mlevi na vijana walevi. Wengi wetu tunamjua mama wa namna hii. Tumemwona Jumapili kanisani, kanga imefungwa vizuri, na hakuna anayejua usiku wake ulikuwaje.

Mwaka 1884, Matt akiwa na miaka 28, alikaa karibu wiki nzima bila kazi. Jumamosi akasimama karibu na kilabu, mfukoni hana kitu, akisubiri rafiki zake watoke kazini na mishahara yao. Si yeye ndiye alikuwa anawanunulia siku zote? Wakapita mmoja mmoja, wakamsalimia, wakaingia ndani. Hakuna aliyemkaribisha. Moyo ulimuuma sana, akageuka akarudi nyumbani.

Mama yake alishangaa kumwona mapema vile, tena mzima. Baada ya kula, Matt akamwambia anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Hapa ndipo mama huyu aliponifundisha kitu. Hakupiga vigelegele, wala hakumbeza kwa makosa ya nyuma. Alimruhusu aende, ila akamwonya asiiweke ahadi hiyo kama hana nia ya kuishika. Basi. Mama alijua hawezi kuahidi kwa niaba ya mwanawe. Alichoweza ni kumwambia ukweli kwa upendo, na kumwombea.

Matt akaenda Clonliffe, kwenye seminari ya jimbo la Dublin. Akaungama kwa padre, akaahidi miezi 3. Miezi 3 tu! Na ilikuwa migumu kweli. Alimwambia mama yake kwamba ikiisha atarudi kunywa. Jioni, badala ya kupita kwenye vilabu, alikwenda kukaa kanisani. Aliacha kutembea na hela mfukoni. Miezi 3 ikaisha, akaongeza 6, na mwishowe akaahidi maisha yote. Hakunywa tena kwa miaka 41.

Alilipa madeni yake. Yule mwenye fidla alimtafuta sana asimpate, akatoa sadaka Misa ziadhimishwe kwa ajili yake. Alihudhuria Misa kila siku alfajiri kabla ya kwenda kazini kwenye ghala la mbao, akaingia Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Baba yake alipofariki mwaka 1899, Matt akaishi na mama yake, akamtunza hadi alipofariki mwaka 1915. Mama aliyelia kwa sababu yake ndiye aliyezeekea mikononi mwake.

Tarehe 7 Juni 1925, Dominika ya Utatu Mtakatifu, Matt alianguka njiani akielekea Misa, akafariki. Walimkuta amevaa minyororo mwilini, ishara ya toba yake. (Tafadhali, usiige hilo bila kiongozi wa kiroho!) Mwaka 1975 Papa Paulo VI alitambua rasmi kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa.

Nimesoma falsafa miaka mitatu. Naweza kukueleza Aristotle alivyosema kuhusu mtu anayejua jema na bado anashindwa kulitenda. Yote hayo nilimhubiria kaka, na hayakumsaidia kitu. Kwa Matt najifunza mengine. Usimfichie mlevi wako kwa uongo, usimlipie kila deni, na usimfute. Anapofika nyumbani mzima, hata siku moja, mpakulie chakula, muongee. Tena usibebe peke yako. Mtafute paroko, au watu wenye mzigo kama wako. Vikundi vya Al-Anon vilianzishwa Marekani mwaka 1951 kwa ajili ya familia za walevi, kwa sababu nao wanaumia na wanahitaji kusikilizwa.

Kaka yangu bado anakunywa. Lakini wiki iliyopita nilimtafuta yule mwenzangu, nikamwambia kwetu tuko wanne. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia habari za baba yake. Sasa kila jioni tunasali pamoja fungu moja la Rozari kwa ajili yao wawili.

Na wewe, ni nani uliyemfuta? Leo litaje jina lake mbele za Mungu.

Ee Bwana, uliyemrudisha Matt nyumbani, uwakumbuke na wetu. Amina.