Leonardo da Vinci na Sheria za Msuguano

Leonardo da Vinci alizaliwa mwaka wa 1452 karibu na mji wa Vinci, Italia. Wengi humfahamu kwa uchoraji. Wachache hujua kwamba aliuchunguza msuguano. Kwa kuvuta vitu vizito kwa kamba, alitambua kuwa uzito ukiongezwa maradufu, msuguano nao huongezeka maradufu. Ilhali kitu kilekile kikilazwa au kikisimamishwa wima, msuguano haubadiliki. Hayo aliyaandika daftarini, kutoka kulia kwenda kushoto, wala hakuyachapisha. Alifariki Ufaransa mwaka wa 1519. Mwaka wa 1699, Mfaransa Guillaume Amontons aliyagundua upya, na sheria hizo zikapewa jina lake. Elimu isiyotolewa daftarini humlazimu mwingine kuianza safari upya.