Mtakatifu Cuthbert na Ndege wa Visiwa vya Farne

Kila tarehe 20 Machi Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Cuthbert, mmonaki na askofu wa kaskazini mwa Uingereza katika karne ya 7. Kwao anajulikana pia kama mlinzi wa ndege. Hata hivyo, tukiyasoma maisha yake tunakuta kwamba ujirani wake na ndege ulianza kwa ugomvi: walikuwa wakimlia shayiri yake.

Cuthbert alizaliwa yapata mwaka 634. Usiku mmoja wa mwaka 651, akiwa malishoni, aliona katika maono malaika wakiipeleka roho mbinguni. Baadaye alipata habari kwamba Askofu Aidan alikuwa amefariki usiku ule. Aliingia monasteri ya Melrose, kisha akawaongoza wamonaki wa Lindisfarne. Mwaka 676 alijitenga katika kisiwa cha Inner Farne, mahali pa mwamba na upepo, akaishi kwa sala na kwa jasho lake.

Beda Mheshimiwa anasimulia kwamba ngano aliyopanda huko haikuota, ila shayiri ilistawi. Ndipo ndege wakashuka kwa makundi. Mtakatifu aliwauliza kwa nini wanavuna wasichopanda, huku akikiri kwamba pengine wao wana shida kuliko yeye. Kama Mungu amewaruhusu, wale. Kama sivyo, waondoke. Wakaondoka. Kisha kunguru wakaanza kunyofoa nyasi za paa la nyumba ya wageni, naye akawafukuza. Baada ya siku tatu mmoja alirudi, ametandaza mbawa na kuinamisha kichwa. Cuthbert akawasamehe, wakamletea kipande cha mafuta ya nguruwe, ambacho wageni walipakia viatu vyao.

Mwaka 685 aliwekwa wakfu kuwa askofu, lakini alirudi kisiwani kufa, tarehe 20 Machi 687. Mapokeo yaliyoandikwa katika karne ya 12 yanasema kwamba bata wa baharini waliotagia huko walikuwa chini ya amani yake, na mtu asiwadhuru. Hadi leo wenyeji huwaita bata wa Cuthbert.

Tangu mwaka 1925 visiwa hivyo vinatunzwa na shirika la National Trust, ambalo walinzi wake, wakisaidiwa na watu wa kujitolea, huhesabu viota. Mafua ya ndege yalipoua maelfu mwaka 2022, walinzi ndio waliookota mizoga. Membe wanaoanguliwa hapo hupita pwani za Afrika yetu wakielekea bahari za kusini kabisa mwa dunia.

Sisi hatuwezi kumwambia mkulima wa mtama anayeamkia shambani kufukuza kweleakwelea kwamba hana haki ya kulinda chakula cha wanawe. Cuthbert naye alifukuza. Lakini alijua kwamba kufukuza si kuangamiza, na aliyefukuzwa aliporudi, alimpa nafasi. Jumuiya zetu ndogo ndogo zinaweza kuanza hapo: kuuacha mti wenye viota, kutomwaga sumu katika maji wanakonywa ndege, na kutoa siku moja ya kusafisha kinamasi cha kijiji. Shamba ni letu kwa muda. Mwenye shamba ana wageni wengine.

Mtakatifu Cuthbert, utuombee.