Bwana Speke na Macho Yake

Wanafunzi wenzangu, na ninyi mliokwisha kutoka shuleni, sote tumelisoma jina la John Hanning Speke, Mwingereza aliyetafuta chanzo cha mto Nile. Lakini iko habari moja ambayo vitabu huipita upesi. Mtu huyu alipofika kwenye ziwa letu, hakuliona.

Alizaliwa tarehe 4 Mei, 1827, katika jimbo la Devon. Tangu utoto macho yalimwuma, kusoma kukawa taabu, naye akapenda kuzunguka porini kuliko kukaa na kitabu. Mwaka 1844 aliingia jeshini Bara Hindi. Mwaka 1855 alichomwa mikuki huko Berbera, akaponea chupuchupu. Hata mwezi wa Juni 1857 akaondoka pwani pamoja na Richard Burton, wakashika njia ya misafara kuja bara.

Safari iliwavunja wote wawili. Burton alishindwa kutembea kwa homa, akachukuliwa kwa machela. Speke alivimba macho kwa ndani, kila kitu akakiona kama kilichofunikwa na ukungu. Tarehe 13 Februari, 1858, walipanda kilima, wenzake wakaona maji yaking'aa chini. Yeye aliona weupe tu. Ziwa ambalo babu zetu walilivua dagaa na mikebuka vizazi na vizazi, mgeni aliyetembea miezi minane kulitazama hakupata kulitazama.

Je, ugonjwa ule ulikuwa wa kurithi? Sidhani. Mtumishi wao Valentine, mtu wa Goa, alishikwa na macho karibu siku ile ile, wala hakuwa na udugu na Speke. Kilichowaunganisha ni njia, si damu.

Nauliza kwa sababu hapa Rumonge mzee akipofuka, kisha mwanawe naye akapofuka, watu hunong'ona kwamba nyumba ile imerogwa. Lakini upo ugonjwa ufuatao ukoo, nao ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka daima. Njia ya kutokea ikiziba, maji husukuma, na mshipa upelekao habari za jicho kwenye ubongo hufa kidogo kidogo. Mwaka 1997 wataalamu walitambua jeni moja, iitwayo myocilin, ambayo ikiharibika huweza kuleta ugonjwa huu, na nyingine zimejulikana baadaye. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliye nao yumo hatarini mara kadhaa kuliko mwingine, na sisi Waafrika hutupata zaidi na mapema zaidi. Huko Kongwa, Tanganyika ya zamani, watu wa miaka 40 na zaidi walipopimwa, kiasi cha 4 katika kila 100 walikuwa nao. Matokeo yalitolewa mwaka 2000.

Tena hauumi kama macho ya Speke. Huanza kwa kula pembeni, mvuvi asiuone mtumbwi unaomjia ubavuni, naye adhani ni uzee. Dawa ya matone huzuia usiendelee. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Ndiyo maana mtoto wa kipofu huyo hupimwa macho angali akiona vizuri.

Turudi kwa Speke. Macho yalipopata nafuu kidogo alivuka ziwa pamoja na Bombay kwenda kisiwa cha Kasenge kutafuta jahazi, asilipate, na mdudu akamwingia sikioni. Mwezi wa Aprili yeye na Burton walipanda mitumbwi, wakafuata pwani hii ya Urundi kwenda kaskazini, kisha wakakata maji mpaka Ubwari, rasi ile iliyo ng'ambo yetu, wakafika Uvira. Huko waliambiwa kwamba Rusizi huingia ziwani, haitoki. Matumaini ya Nile yakaishia hapo.

Mwezi wa Julai Speke aliondoka Kazeh peke yake na watu wake. Alivaa miwani ya kijivu kuzuia jua, lakini watu walijaa njiani kuchungulia macho yake ya pili, hata akaivua akaitia mfukoni. Tarehe 3 Agosti aliliona lile ziwa kubwa la Nyanza, safari hii kwa macho yake mwenyewe, na tarehe 28 Julai, 1862, akasimama mahali Nile inapotokea. Burton hakukubali. Walipangiwa kukutana Bath tarehe 16 Septemba, 1864, wajadiliane mbele ya wataalamu. Siku moja kabla, Speke alipokuwa akivuka ukuta mfupi wa mawe katika kuwinda, bunduki yake ililia, akafa. Alikuwa na miaka 37.