Lagrange: Mwanahisabati aliyehamisha kitovu, hesabu ngumu ikalainika

Kama umesoma hisabati chuoni, bila shaka unaikumbuka r² na sine yake, ile alama ndogo unayoisahau kwenye mtihani na kuondoka na maksi zako. Mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuiandika alikuwa Joseph-Louis Lagrange, mwaka 1773.

Alizaliwa Turin, Italia ya sasa, Januari 25, 1736. Baba yake alikuwa na pesa, lakini biashara za kubahatisha zikamfilisi. Kijana akakimbilia hesabu, na akiwa na miaka 19 tu alikuwa tayari anafundisha shule ya mizinga ya jeshi. Mwaka 1766 Mfalme Frederick II wa Prussia akamwita Berlin kushika nafasi aliyoiacha Leonhard Euler. Si kiti kidogo hicho.

Huko ndiko alikokutana na swali gumu: umbo kubwa lililobonyea, mfano wa dunia yetu, linavuta kitu kwa nguvu kiasi gani? Newton na Maclaurin walishalishughulikia kwa michoro ya jiometri, na ikaonekana kalkulasi haifui dafu hapo.

Shida iko kwenye mipaka. Ukilikata umbo la mviringo vipande kama matofali, mipaka ya intigrali zako tatu inajaa mizizi ya kipeo cha pili. Vurugu tupu.

Lagrange akaachana na matofali. Kila kipande akakitaja kwa vitu vitatu: umbali, pembe ya kushuka kutoka juu, na pembe ya kuzunguka. Tatizo ni kwamba vipande hivyo havilingani. Kilicho mbali mara mbili kinakuwa kikubwa mara nne, na kinachokaribia ncha kinabanwa, kama kipande cha chungwa kinavyochongoka mwishoni. Ile r² inabeba la kwanza, sine inabeba la pili. Ndiyo maana ukiisahau, jibu linaharibika lote.

Ila ujanja wenyewe ulikuwa kwenye kitovu. Wengi wangekiweka katikati ya umbo. Yeye alikiweka palepale kwenye kitu kinachovutwa. Mvuto hupungua kwa mraba wa umbali, kipande nacho hukua kwa mraba huohuo, basi vinafutana. Intigrali ya kwanza ikawa mteremko.

Maisha hayakuwa mteremko. Mkewe Vittoria alifariki 1783. Mwaka 1787 akahamia Paris, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake kikubwa cha mekanika, ambacho hakina mchoro hata mmoja. Inasimuliwa kuwa kwa miaka miwili hakukifungua, kwa jinsi alivyokata tamaa. Ndoa ya pili, mwaka 1792, na binti wa mwanaastronomia Le Monnier, ndiyo iliyomrudisha.

Mwaka 1793 Mapinduzi ya Ufaransa yakawageukia wageni, ikatoka amri ya kuwakamata waliozaliwa nchi za maadui. Mkemia Antoine Lavoisier akamtetea, Lagrange akaponea chupuchupu. Mei 8, 1794, Lavoisier mwenyewe akakatwa kichwa kwa gilotini.

Lagrange alibaki Paris, akashiriki kuunda mfumo wa mita na kufundisha École Polytechnique. Alifariki Aprili 10, 1813, akazikwa Panthéon. Jina lake limo kati ya yale 72 yaliyoandikwa kwenye mnara wa Eiffel. La Lavoisier pia limo.