Anandibai Joshi, mke aliyevuka bahari kusomea udaktari

Msikilizaji, leo tunakuletea maisha ya Anandibai Joshi wa India, aliyezaliwa mwaka 1865. Aliozwa akiwa na miaka 9 kwa Gopalrao, karani wa posta aliyemzidi umri kwa mbali. Akiwa na miaka 14 alijifungua mtoto wa kiume, akafariki baada ya siku 10 kwa kukosa matibabu. Hapo akaamua kusomea udaktari.

Gopalrao ndiye aliyemfundisha kusoma. Lakini tusimpambe: alimpiga alipomkuta jikoni badala ya kwenye vitabu. Mwaka 1883 alimwacha apande meli kwenda Marekani bila yeye, huku Wahindu wenzao wakilalamika. Mwenyewe akabaki kazini. Kule New Jersey alipokewa na mama mmoja, Theodicia Carpenter, wakawa kama ndugu.

Alisoma katika chuo cha udaktari cha wanawake, Pennsylvania. Baridi ilimtesa, afya ikadhoofu. Mumewe alimfuata baadaye. Machi 1886 akahitimu, wakarudi nyumbani pamoja, naye tayari ana kifua kikuu. Kazi ilikuwa inamsubiri hospitali ya Kolhapur. Alifariki Februari 1887, hajafikisha miaka 22. Majivu yake yalipelekwa Marekani kwa mama Carpenter, yakazikwa kwenye makaburi ya ukoo wake.