Gaston Planté, Mfaransa aliyetengeneza batri ya kwanza ya kuchaji

Batri inayowasha magari mpaka leo ilitokana na kazi ya Gaston Planté, mtaalamu wa fizikia kutoka Ufaransa. Alizaliwa tarehe 22 Aprili 1834 huko Orthez, kusini-magharibi mwa nchi hiyo.

Mwaka wa 1854 alianza kazi mjini Paris kama msaidizi wa fizikia kwenye Conservatoire des Arts et Métiers. Wakati huo batri zilipoisha nguvu, ilibidi kubadilisha dawa na madini yaliyokuwa ndani.

Mwaka wa 1859 Planté alikunja pamoja mabati mawili ya risasi, yasigusane, akayatia ndani ya maji yenye asidi ya salfa. Alipopitisha umeme, mabati yaliuhifadhi, kisha yakaurudisha. Hiyo ndiyo batri ya kwanza iliyoweza kuchajiwa tena.

Lakini mabati mapya yalibeba umeme kidogo tu. Planté alilazimika kuyachaji na kuyatumia mara nyingi, kwa subira, mpaka yakapata nguvu. Mwaka wa 1881 Mfaransa mwenzake, Camille Faure, alifupisha kazi hiyo kwa kuyapaka mabati dawa ya risasi.

Planté alifariki mwaka wa 1889, akiwa na miaka 55. Hakuona gari likiwashwa kwa batri: kampuni ya Cadillac ya Marekani ilileta staata ya umeme mwaka wa 1912.

Hata hivyo, batri ya leo inafanya kazi kama ile yake. Inapotoa umeme, chumvi ya risasi inashika juu ya mabati. Ikichajiwa mapema, chumvi hiyo inaondoka. Ikiachwa tupu kwa majuma mengi, chumvi inakuwa ngumu na batri haishiki tena chaji.

Ndiyo maana gari lililolala muda mrefu linahitaji kuchajiwa batri, hata kama halitembei. Batri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, inapima karibu volti 12,6. Ikishuka chini ya 12,4, ni heri kuichaji bila kuchelewa. Yenye vifuniko vya kufungua huongezwa maji ya batri yasiyo na madini, si asidi.

Batri haichoki kwa kufanya kazi tu. Mara nyingi inakufa kwa kuachwa tupu.