Ellington na mahakimu wa fani

Wapo wasomi wanaoamini kwamba kila kilichochanganyika kimepungukiwa. Mimi, kama mwanaisimu, huwakumbusha maisha ya Duke Ellington.

Edward Kennedy Ellington alizaliwa mjini Washington, Marekani, tarehe 29 Aprili 1899. Unadhifu wake ulimpatia lakabu ya Duke, cheo cha makabaila wa Uingereza. Alifunzwa piano utotoni, ila mengi aliyapata kwa kuwasikiliza wapigaji wakongwe. Kuanzia Desemba 1927 bendi yake ilitumbuiza Cotton Club, mtaani Harlem, New York, ambako wanamuziki walikuwa weusi na wateja wazungu.

Enzi hizo upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika tatu tu. Mpaka huo ulimbana. Mwaka 1935, baada ya kufiwa na mamake, alitunga Reminiscing in Tempo, utungo uliojaza pande nne. Tarehe 23 Januari 1943 akapanda jukwaa la Carnegie Hall na Black, Brown and Beige: dakika 45 hivi za historia ya Wamarekani weusi tangu utumwani. Ndani yake mlikuwamo nyimbo za kazi, za dini na za bluzi, zilizosukwa kwa upana wa simfoni.

Wahakiki waliushambulia kutoka pande mbili. Waliolelewa na muziki wa Ulaya waliona hauna muundo. Baadhi ya wapenzi wa jazi walilalamika kwamba ameisaliti jazi. Baada ya maonyesho machache, Ellington aliupiga vipande vipande tu. Mwaka 1965 majaji wa muziki walipendekeza atunukiwe heshima maalumu ya Pulitzer. Bodi ikakataa, na majaji wawili wakajiuzulu. Alifariki tarehe 24 Mei 1974. Heshima hiyo alipewa mwaka 1999, miaka 25 baadaye.

Mahakimu hao walimpima kwa sarufi isiyokuwa yake. Kiswahili nacho kimeonja dhuluma hiyo: wapo waliohesabu maneno yake ya Kiarabu wakakiita lugha chotara, wasitazame ngeli na vitenzi vyake vya Kibantu.

Mwalimu anayesahihisha insha ya mwanafunzi anayethubutu na aulize kwanza utungo huo unafuata kanuni zipi, ndipo ashike kalamu nyekundu. Heshima inayomfikia mtunzi kaburini haimwezeshi kutunga tena.